Kwa nini majeruhi bado wanasubiri dawa ya maumivu

Wiki mbili zilizopita, katika kipindi chetu cha asubuhi, mzee mmoja alitupigia simu kutoka kijiji kilicho kando ya barabara kuu ya Iringa kwenda Mbeya. Kijana wake, dereva wa bodaboda, aligongwa na Fuso, mfupa wa paja ukavunjika. Mzee hakupiga kumlalamikia dereva wa Fuso. Alikuwa na swali moja: je, ni kawaida mtu aliyevunjika paja kukaa hospitali karibu saa nne bila kupewa dawa yoyote ya maumivu? Walifika, wakaulizwa fomu ya polisi, ile PF3, wakaandikishwa, wakapelekwa eksirei, wakarudishwa kwenye korido, na muda wote huo kijana analia. Mwishowe akachomwa sindano, akanyamaza. Mzee akamshukuru Mungu. Kesho yake kijana akamwambia kwamba maumivu hayakupungua. Aliyasikia yote wakati mguu unavutwa, ila hakuwa na nguvu ya kufungua mdomo.

Hospitali hiyo hatutaitaja. Hatukuwepo, na daktari wa zamu naye angekuwa na lake la kusema. Lakini simu ile ilifuatwa na nyingine nyingi, za mama aliyeungua na mafuta, za mtoto wa selimundu, za mtu aliyeteguka bega kwenye mpira, na dakika kumi za hewani hazikutosha. Tuliahidi kuliandika hapa kwa kirefu.

Neno moja, dawa tofauti

Kiswahili chetu kina mtego hapa. Tunasema "dawa ya kutuliza maumivu", na tunasema pia "mgonjwa ametulizwa". Kitenzi ni kilekile, kumbe kinachotulizwa ni vitu viwili. Mofini, tramadoli, diklofenaki na hata parasetamoli hushughulika na maumivu yenyewe. Diazepamu, ambayo wengi wanaifahamu kwa jina la Valium, na midazolamu hushughulika na mtu: zinamlegeza, zinampa usingizi, zinamwondolea hofu na mara nyingi zinamsahaulisha yaliyotokea. Maumivu haziyagusi. Aliyepewa diazepamu peke yake kisha mguu wake ukanyooshwa anaumia vilevile; kilichopungua ni uwezo wake wa kupiga kelele. Maelezo ya kijana wa bodaboda yanafanana sana na hali hiyo.

Kundi la tatu ni ganzi. Wengi tunaijua kwa kung'olewa jino au kushonwa kidonda. Inazuia mshipa wa fahamu usipeleke taarifa kwenye ubongo, na mgonjwa anabaki macho akizungumza. Ambalo wasikilizaji wetu wengi hawakulijua ni kwamba ganzi haiishii kwenye vidonda vidogo. Mhudumu aliyefundishwa anaweza kuichoma kinenani, karibu na mshipa wa fahamu unaohudumia paja, na mtu aliyevunjika paja akapata nafuu kubwa ndani ya kama nusu saa. Dawa yenyewe, lignokeini, ni ya bei ndogo na ipo karibu kila mahali panaposhonwa kidonda.

Na kuna tiba ya maumivu isiyo dawa kabisa. Mfupa uliovunjika unauma zaidi kila unapochezeshwa, kwa hiyo gango lililofungwa vizuri, hata la mbao mbili na khanga, hupunguza maumivu kabla hata ya kufika hospitali. Kwa aliyeungua ni maji ya kawaida yanayotiririka juu ya jeraha kwa dakika 20. Dawa ya meno, yai na unga havipozi kitu, na nesi atalazimika kuvikwangua baadaye, jambo ambalo ni maumivu mengine.

"Dawa itaficha ugonjwa"

Wasikilizaji kadhaa walisema walipouliza kuhusu maumivu walipewa jibu lilelile: tusubiri daktari amwone kwanza, dawa ikitangulia itaficha ugonjwa. Jibu hili lina umri wa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1921 daktari wa upasuaji wa Uingereza, Zachary Cope, alichapisha kitabu cha kuwafundisha madaktari namna ya kutambua magonjwa ya ghafla ya tumbo. Humo alionya wasitoe mofini kabla ya kujua kinachomsumbua mgonjwa. Kwa wakati ule onyo lilikuwa na mantiki. Hapakuwa na kipimo cha ultrasaundi, na vidole vya daktari juu ya tumbo ndivyo vilivyokuwa mashine. Kitabu kilisomwa vizazi kwa vizazi na onyo likageuka sheria.

Kuanzia miaka ya 1990 watafiti wakaamua kulipima. Wagonjwa wa tumbo waliopewa mofini mapema walilinganishwa na wasiopewa. Tafiti hizo zilipokusanywa na kuchambuliwa pamoja na mtandao wa Cochrane, haikuonekana kwamba dawa inaongeza makosa ya kutambua ugonjwa. Matoleo ya baadaye ya kitabu hichohicho cha Cope yaliacha msimamo wa zamani na kuulaani mtindo wa kumnyima mgonjwa dawa. Sababu ni rahisi kuielewa: mtu anayejikunja kwa uchungu hawezi kueleza vizuri maumivu yalianza lini, wala tumbo lililokakamaa halipimiki vizuri.

Zaidi ya hapo, tumbo ni jambo moja na paja ni jingine. Paja lililovunjika linaonekana kwenye eksirei hata mgonjwa awe amelala fofofo. Hakuna kinachofichwa.

Tahadhari zipo, na tusizifiche. Aliyeumia kichwa anahitaji kufuatiliwa fahamu zake, na dawa ya kulewesha inaweza kuvuruga ufuatiliaji huo. Aliyepoteza damu nyingi presha yake iko chini, na mofini inaweza kuishusha zaidi. Mwenye shida ya figo au vidonda vya tumbo hafai diklofenaki, ingawa sindano hiyo kwetu hutolewa kama pipi. Lakini tahadhari maana yake ni kuchagua dawa nyingine, au kutoa dozi ndogondogo kupitia dripu huku mtu anaangaliwa. Kutotoa chochote ni uamuzi pia, na una madhara yake: moyo unakwenda mbio, mgonjwa anapumua kwa shida, hasa aliyevunjika mbavu, na hofu ya hospitali inakaa naye miaka.

Mwanaume halii

Tusiwatwishe wahudumu mzigo wote. Sisi wenyewe tumefundishana kujikaza. Kijana aliyetoka jandoni hatakiwi kupepesa jicho, mama anayejifungua anaambiwa asituaibishe, na mgonjwa anayelia wodini husemwa kuwa ana deko. Mhudumu aliyekulia katika jamii hiyohiyo, mwenye wagonjwa 40 zamu ya usiku, anajifunza kuzisikia kelele bila kuzisikiliza.

Hata hivyo tatizo hili si letu peke yetu. Mwaka 1989 watafiti wa Marekani walipitia mafaili ya wagonjwa 198 waliofika idara ya dharura na kulazwa wakiwa na maumivu. Asilimia 56 hawakupewa dawa yoyote ya maumivu wakiwa pale, na kati ya waliopewa, asilimia 69 walisubiri zaidi ya saa moja. Miaka minne baadaye utafiti mwingine wa Los Angeles ukaonyesha kwamba wagonjwa wenye asili ya Amerika ya Kilatini waliovunjika mifupa walikuwa na uwezekano wa kukosa dawa mara mbili ya Wazungu. Mfupa ni uleule, hospitali ni ileile. Kilichotofautiana ni nani anaaminika anaposema anaumia.

Hapo ndipo tunawafikiria watu wa selimundu. Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 kila mwaka wanaozaliwa na ugonjwa huo, na ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani. Chembe za damu zenye umbo la mundu zinapoziba mishipa midogo, mifupa inauma kwa namna ambayo haionekani kwa macho: hakuna jeraha, hakuna uvimbe mkubwa, eksirei haina la kusema. Kijana wa miaka 20 anayefika usiku mara ya tatu ndani ya mwezi, akitaja kwa jina dawa inayomsaidia, huanza kutazamwa kama mteja wa sindano. Kumbe anaijua dawa yake kama mgonjwa wa kisukari anavyoijua yake. Miongozo ya Uingereza inataka mgonjwa wa selimundu mwenye maumivu makali apate dozi ya kwanza ndani ya dakika 30 tangu afike. Ya Marekani inasema ndani ya saa moja. Mama mmoja aliyetupigia alisema binti yake sasa huvumilia nyumbani mpaka homa ipande, kwa sababu homa inaaminika kuliko maneno yake. Sisi tuliona hilo ndilo jambo zito kuliko yote tuliyosikia wiki ile.

Funguo za kabati

Mofini na dawa za aina yake zinalindwa kisheria, na inapasa. Zinakaa kwenye kabati la kufuli, zinaandikwa kwenye rejesta, na kila kichupa kinahesabiwa. Kwenye karatasi ni utaratibu mzuri. Saa nane usiku, mwenye funguo akiwa jengo jingine, utaratibu huo unageuka ukuta, na nesi anachukua kilicho karibu: diklofenaki, au Valium.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 unaodhibiti dawa hizi una pande mbili. Unataka dawa zisivuje kwenda mitaani, na tangu utangulizi wake unakiri kwamba matumizi yake ya kitabibu katika kuondoa maumivu hayana mbadala, hivyo nchi zihakikishe zinapatikana. Dunia ilishika upande wa kwanza ikauacha wa pili. Kamisheni ya jarida la Lancet iliripoti mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za kundi la mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zaidi zilipata tani 0.1.

Hofu ya uraibu ni halali. Marekani ilikosea upande wa pili, watu wakapewa vidonge vya nguvu vya mwezi mzima kwa maumivu ya kawaida, na nchi ikalipa kwa maisha ya watu wengi. Lakini dozi ya mofini inayopimwa na kutolewa hospitalini kwa mtu aliyevunjika mfupa haifanani na mfuko wa vidonge anaokwenda nao nyumbani. Uganda ni mfano tunaopenda kuutaja. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na daktari Anne Merriman mwaka 1993, ilianza kuchanganya mofini ya maji ya kunywa kutoka kwenye unga, kwa gharama ndogo. Tangu mwaka 2004 wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu nchini humo wanaruhusiwa kuiandika. Mpango ule ulilenga hasa wagonjwa wa saratani na UKIMWI, lakini ulionyesha kwamba nesi akifundishwa anaweza kukabidhiwa dawa hii na nchi isiharibike.

Ketamini, na macho yaliyo wazi

Kuna dawa moja inayostahili aya zake yenyewe, kwa sababu ndiyo inayobeba hospitali nyingi za wilaya. Ketamini iligunduliwa Marekani mwaka 1962, na tangu mwaka 1985 imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu. Inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kwa dozi ndogo inaondoa maumivu, na kwa dozi kubwa zaidi inamtenga mtu na mwili wake, kiasi kwamba bega linaweza kurudishwa asijue. Faida yake kubwa kwetu ni kwamba kwa kawaida mgonjwa anaendelea kupumua mwenyewe na presha haishuki kirahisi. Mahali ambapo umeme unakatika na daktari wa usingizi yuko mkoani, hilo si jambo dogo. Magharibi mwa Kenya umekuwapo mpango wa kuwafundisha wahudumu wasio wataalamu wa usingizi kuitumia kwa kufuata orodha ya hatua, pale ambapo mtaalamu hayupo kabisa na upasuaji hauwezi kusubiri.

Mwaka 2015 China ilipendekeza Umoja wa Mataifa uiweke ketamini chini ya udhibiti wa kimataifa, kwa sababu huko inatumiwa vibaya kwenye starehe. Shirika la Afya Duniani lilipinga, na pendekezo likakwama. Lingepita, kabati la kufuli lingepata mkazi mwingine.

Ndugu wa mgonjwa waelezwe mapema dawa hii inavyoonekana. Macho yanaweza kubaki wazi na kuchezacheza, mate yakamtoka, na anapozinduka akaongea maneno yasiyoeleweka au akaona vitu visivyopo. Kipindi chetu kilipata simu ya familia iliyoamini mtoto wao amepandwa na mashetani baada ya kufungwa hogo, wakamwondoa hospitali kwenda kumtafutia tiba kwingine. Hali hiyo huisha, mara nyingi ndani ya saa moja au mbili, na chumba tulivu chenye sauti ya mama husaidia. Sentensi mbili za nesi zingeiokoa familia ile nauli na hofu.

Nani anamwangalia?

Kumlegeza mgonjwa si mchezo, na hapa tunakuwa upande wa wahudumu wanaosita. Mtu aliyepewa mofini kisha akaongezewa diazepamu anaweza kuacha kupumua kimyakimya, bila kelele yoyote ya kuwashtua ndugu. Kwa hiyo kabla ya kuvuta mfupa chini ya dawa lazima kuwe na oksijeni, mashine ndogo ya kidoleni inayopima oksijeni ya damu, mfuko wa kumsaidia kupumua, na dawa ya kuzima nguvu ya mofini, yaani naloksoni. Na juu ya vyote awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kumtazama mgonjwa tu. Anayevuta mfupa hawezi kuwa huyohuyo anayehesabu pumzi.

Suala la kula huleta ubishi. Kwa upasuaji uliopangwa, kufunga kula ni lazima. Kwenye dharura, chama cha madaktari wa dharura cha Marekani kimeshasema muda wa chakula cha mwisho peke yake usiwe sababu ya kuchelewesha. Sema ukweli mgonjwa amekula nini na saa ngapi, ukiwemo ule ugali aliokula njiani, kisha mwachie daktari apime.

Kwa upande wa majengo, nchi imepiga hatua. Idara ya dharura ya Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifunguliwa Januari 2010, na mwaka huohuo chuo cha MUHAS kikaanza kufundisha madaktari bingwa wa fani hiyo. Baada ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa mwaka 2021, ule wa mapambano dhidi ya UVIKO-19, majengo mapya ya dharura yalisimama katika hospitali nyingi za mikoa na halmashauri. Kuta zipo, vitanda vipo. Tunachoulizia sasa hakihitaji saruji: maumivu yaulizwe mlangoni na yaandikwe. Mfumo wa kupanga wagonjwa kwa rangi uliotengenezwa Afrika Kusini unayahesabu maumivu makali kuwa sababu tosha ya rangi ya chungwa, yaani mgonjwa aonwe ndani ya dakika 10. Anapewa swali la sifuri mpaka kumi, mtoto anaonyeshwa picha za nyuso, na baada ya dawa anaulizwa tena. Namba isipoandikwa, hakuna atakayejua kesho kama dawa ilifanya kazi.

Ndugu mnaweza kuanza ninyi. Msiulize tu "mmemchoma nini?" Ulizeni hivi, kwa adabu: "Nesi, hii ni ya maumivu au ni ya usingizi?" Mwambieni maumivu ni namba ngapi, mgonjwa ana aleji ya nini, ana ujauzito au hana, ametumia dawa gani nyumbani, na kama amekunywa pombe, kwa sababu pombe na dawa hizi ni hatari zikikutana. Baada ya nusu saa, kama namba haijashuka, rudini mkaseme. Hamtakuwa mnasumbua.

Mzee wetu wa barabara kuu alipiga tena Ijumaa. Kijana ameshafanyiwa upasuaji na kuwekewa chuma, na safari hii mzee aliuliza lile swali. Nesi akamjibu, akamwandikia saa ya dozi inayofuata kwenye kiganja kwa sababu karatasi haikuwepo. Maumivu sasa ni matatu kwa kumi, anasema. Kinachomnyima kijana usingizi ni mwenye pikipiki, anayetaka hesabu yake ya kila siku kama kawaida.